Mnunuzi akigeuza bei lori likiwa limeshapakiwa, unabaki na nini mkononi?

mama_stoo_busia anauliza:

Habari zenu wadau, na wakubwa shikamooni.

Niko Busia, upande wa Uganda. Nina stoo ya mahindi niliyoachiwa na mama, na tuko wanawake 7 tuliochanga mtaji. Naandika sasa kabla mavuno ya mwezi wa saba hayajaanza kushuka, kwa sababu yaliyonikuta Januari sitaki yanikute tena.

Tuna mteja wa upande wa Kenya ambaye tumeuziana naye misimu minne bila neno. Desemba alipiga simu tukapatana shilingi zetu 1,150 kwa kilo, tani 20, pesa akishaona mzigo. Tukaingia vijijini Bugiri na Namayingo, tukanunua kwa 850, tukaanika kwenye maturubai wiki nzima, tukapepeta, tukashona magunia. Jumanne jioni lori likapakiwa na kufungwa kamba.

Jumatano asubuhi akaja na kijana wake. Kijana akachoma bambo, kile chuma cha kuchomolea punje, kwenye magunia matatu, yote ya nyuma, yale yaliyolala ukingoni ambako umande uliyapitia usiku kucha. Akamimina punje kwenye kipimo chake, akasema unyevu ni asilimia 15. Kipimo tulichoazima sisi kilisoma 13.4 siku ya kupakia. Mteja hata hakubishana. Aliyaangalia matairi ya lori, akaiangalia kamba, ndipo akasema, "Dada, nitachukua kwa 950."

Nilisimama pale nikiwa sina pa kushika. Mwenye lori alikuwa anadai 250,000 kwa kila siku ya kusubiri. Sako, chama chetu cha akiba na mikopo, ilikuwa imetukopesha milioni 12 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, na tarehe ya kulipa ilikuwa 31. Mawingu yalikuwa yanajikusanya. Nikampigia mnunuzi mwingine, hakupokea. Nikampigia wa tatu, akasema atatoa 900, maana alishasikia kwamba mzigo wangu umekwama. Mpakani habari haihitaji bodaboda kusafiri.

Ijumaa nikakubali 970. Toa 970 kwenye 1,150 unapata 180, zidisha kwa kilo 20,000: milioni 3 na laki 6 zimekwenda. Ongeza siku mbili za lori, laki 5. Mmoja wetu alikuwa ameshamwambia mwanawe kwamba karo ya sekondari ipo. Nilimpelekea fungu lake nyumbani mwenyewe, akazihesabu mbele yangu mara mbili, akanishukuru. Hiyo shukrani ndiyo inanikosesha usingizi mpaka leo.

Sasa naomba mnisaidie. Watu husema uwe na njia ya pili kabla ya kukaa na mnunuzi. Inatengenezwaje hasa? Nikimweka mnunuzi wa pili pembeni kila msimu bila kumuuzia, si atachoka? Na yule wa kwanza, nimwambie kwamba nina mwingine au ninyamaze?

bibi_wa_kisenyi anajibu:

Mwanangu, pole sana. Mimi nauza nafaka Kisenyi hapa Kampala zaidi ya miaka 25, na hicho ulichokieleza cha kuangalia matairi nimekiona. Mnunuzi mzoefu hapimi mahindi peke yake. Anapima umbali uliopo kati yako na nyumbani kwako.

Nikusimulie yangu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka. Ilitangazwa tarehe 5, na baada ya siku chache ikafunguliwa kwa masharti: waagizaji wajisajili, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mimi nilikuwa na tani 30 nilizopatana na mtu wa ng'ambo ya mpaka. Mazungumzo yakafa siku ile ile, hakuna aliyekuwa na kosa kati yetu. Wenzangu ambao mzigo wao ulikuwa barabarani waliumia sana. Wangu ulikuwa bado stoo, na haikuwa busara yangu, lori lilikuwa limeharibika. Nikauingiza kinuni. Gunia la kilo 100 lilinipa unga wa namba wani kilo 60 na kitu, pumba nikawauzia wafuga kuku. Faida ilikuwa ndogo, lakini sikulala na deni la mtu.

Tangu hapo kila mzigo naufanyia hesabu moja kabla sijakaa na yeyote. Chukua mzigo wako wa Januari tuifanye pamoja. Tuseme kuna mwenye kinu Iganga au Jinja ambaye angekupa 1,020 langoni kwake. Toa usafiri 40. Toa makuli 10, kupakia na kushusha. Huyu halipi siku hiyo, analipa baada ya wiki mbili, na riba ya sako kwa wiki mbili juu ya 850 uliyonunulia ni kama 13. Zinabaki 957. Hiyo ndiyo bei ya mzigo wako endapo mteja wa kwanza atainuka aondoke. Iandike kwenye karatasi, ikunje, iweke mfukoni. Akisema 950 unamwambia asante, hapana. Akisema 970 unajua yuko juu kidogo ya njia yako ya pili.

Umeona kitu hapo? 970 uliyochukua haikuwa mbaya kama unavyodhani. Kilichokuwa kibaya ni kwamba hukuijua 957 yako, ndiyo maana ulikubali kwa hofu. Na ubaya mwingine ni kwamba 957 yenyewe ni ndogo. Usihangaike sana na maneno ya kumwambia mteja. Hangaika kuipandisha ile namba ya mfukoni, na kazi hiyo inafanyika wiki nyingi kabla, bila yeye kujua.

Inapandishwaje? Anza na ukavu, maana ndio uliokuangusha. Kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mzigo mkavu una milango mingi: kinu, shule, kusubiri, mpaka mwingine. Mzigo mbichi una mlango mmoja, wa yule aliyesimama mbele yako. Kama kipimo hamna, tumia chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia mahindi mpaka theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi uliyoianika hadi ikakauka kabisa. Funga, tikisa dakika moja au mbili, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, hayo yamepita 15, rudisha juani. Ikianguka yote chini na kuta zikabaki safi, yako chini ya 15 na unaweza kuyatunza. Haikupi namba kamili, kwa hiyo bado ukaazime kipimo, lakini inakuzuia kupakia kwa upofu. Sumukuvu nayo haionekani kwa jicho, na kupika hakuiondoi. Cheti ukichukue mzigo ukiwa stoo, uwe nacho mkononi kabla ya kukodi lori.

Halafu kipimo. Mkubaliane kwenye simu siku ya kwanza: kipimo cha nani, magunia mangapi, yachaguliwe vipi, na apimie stoo kwako kabla kamba haijafungwa. Akipimia juu ya lori umeshampa nusu ya ushindi.

Deni ndilo baya kuliko vyote. Tarehe 31 ilikaa upande wa mteja wako siku ile, ingawa hakuijua. Mwenye njaa hana miiko. Nenda sako sasa hivi, kabla hujakopa, uombe tarehe ya kulipa iwe mwezi mmoja baada ya siku unayotarajia kuuza. Hata ikibidi uongeze riba kidogo, lipa hiyo riba. Unanunua siku 30 za kusema hapana.

Na msiuze zote kwa mkupuo. Tani 5 katika 20 zitieni kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Fukusi hufa kwa kukosa pumzi, huhitaji dawa, na mahindi yanakaa miezi.

Kuhusu mnunuzi wa pili: usimweke pembeni, muuzie. Kila msimu mpe tani 3 au 5 hata kama bei yake iko chini kidogo. Ile pungufu ndiyo ada ya kuiweka njia wazi. Njia isiyopitwa huota nyasi, na siku ya mkwamo hatapokea simu, kama ulivyoona.

Kumwambia wa kwanza? Usimtishe nalo. Akigeuza bei, mwambie taratibu, "Kwa bei hiyo nitapeleka kinuni," ukae kimya. Lakini iwe kweli. Usimtaje mnunuzi ambaye hayupo. Busia ni ndogo, jioni atakuwa ameshajua.

dereva_wa_tenka anajibu:

Dada, mimi nabeba mafuta Eldoret kuja Kampala, kwa hiyo Malaba na Busia ni kama uani kwangu. Bibi amesema yote ya mahindi, mimi niseme ya lori.

Kosa lilianza kwa mwenye lori. Mlipatana bei ya kwenda tu. Siku ya kukodi muulize maswali mawili: mzigo ukikataliwa nikageuza kwenda Iganga au Jinja, unanitoza ngapi? Na siku ya kwanza ya kusubiri ni bure au ya kulipia? Siku hiyo anataka kazi, atakupa bei ya kibinadamu, na muiandike. Ukimuuliza lori likiwa limekwama, naye anageuka mnunuzi wa pili wa shida yako. Nimeona mama mmoja Malaba akiuza kwa hasara si kwa sababu ya mteja, ni kwa sababu kugeuza lori kulikuwa ghali kuliko hasara yenyewe.

Halafu niseme jambo ambalo sisi wa tenka tunalizungumza sana kwenye foleni. Angalieni bomba la mafuta ghafi la Uganda. Agosti 2015 Uganda ilikubaliana na Kenya kuhusu njia ya kutoka Hoima kwenda Lamu. Oktoba mwaka huo huo ikatia saini hati ya maelewano na Tanzania kuchunguza njia ya Tanga. Aprili 2016 ikatangaza Tanga, kilomita 1,443. Watu wana maoni yao kuhusu bomba lenyewe, mimi hapo siingii. Ninachotaka uone ni ile Oktoba. Mazungumzo na wa kwanza yalikuwa hayajavunjika, na njia ya pili ilikuwa imeshaanza kuandikwa. Nchi isiyo na bahari ilielewa kwamba anayekupitisha mlangoni kwake akijua huna mlango mwingine, bei ni yake.

wa_mpondwe anajibu:

Salaam kutoka Kasese. Mimi navusha maharage kwenda Kongo kupitia Mpondwe, na nakubaliana na bibi kwa mengi ila sitaki dada amtupe huyu mteja haraka. Misimu minne si kitu kidogo. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kaa naye msimu ukiwa haujaanza, hapana mzigo wala lori kati yenu, umuulize kilichotokea Januari. Yangu yalinikuta hivyo 2019: mteja alinishusha bei nikamchukia mwaka mzima, kumbe naye mwenye duka lake upande wa pili alikuwa amemshusha asubuhi hiyo hiyo akiwa njiani kuja kwangu. Alikuwa hana njia ya pili kama mimi. Tulipoongea tukapata dawa, naye anatoa arbuni, yaani malipo ya awali, sehemu moja ya tano siku ya kupatana, na akigeuza bei bila sababu iliyopimwa arbuni inabaki kwangu. Mimi nikishindwa kuleta, nairudisha na nyongeza. Tumeandika, tumeshuhudishwa na wazee wawili, mmoja wa kila upande wa mpaka. Tangu hapo hajageuza.

Tena si lazima mazungumzo yakivunjika yavunjike yote. Muwe mmepatana mapema: tukitofautiana kuhusu unyevu, magunia ambayo hayana ubishi yanalipwa kwa bei ya kwanza siku hiyo hiyo, yenye ubishi yanashushwa na kupimwa upya. Kwako yalikuwa magunia matatu ya ukingoni. Matatu! Kwa nini yale mengine yote yaliadhibiwa kwa umande wa matatu?

bibi_wa_kisenyi:

Huyu wa Mpondwe amenifundisha. Hilo la kutenganisha magunia sikuwa nalo. Ila mwanangu, arbuni omba ukiwa na namba yako mfukoni. Ukiomba ukiwa huna pengine pa kwenda, atakataa na utauza hivyo hivyo.

mama_stoo_busia:

Shikamoo mama, na asanteni kaka zangu. Sikujibu mapema kwa sababu nilitaka nifanye kwanza ndipo niandike.

Chumvi nimeijaribu na mahindi ya akiba ya nyumbani, kwenye chupa ya mafuta ya kupikia niliyoiosha na kuianika siku mbili. Ya gunia la juu, chumvi ilianguka yote. Ya gunia lililogusa sakafu, iliganda kuta nzima kama ukungu wa asubuhi. Stoo ile ile, paa lile lile. Leo nimemwita fundi apige mbao za kuinua magunia kutoka chini.

Sako wamekubali kusogeza tarehe kwa wiki tatu, si mwezi, na hawakuongeza riba kwa kuwa Januari tulilipa kwa wakati. Mwenye lori ameandika bei ya kugeuza mpaka Iganga. Nimezungumza pia na mwalimu mkuu wa shule ya bweni huku kwetu, anataka tani 3 za chakula cha wanafunzi kwa muhula wa tatu, analipa nusu wakifungua na nusu katikati ya muhula. Bei yake si kubwa, lakini ni mtu ninayeweza kumfikia kwa miguu.

Mteja wetu nilimpigia Jumapili. Nilimuuliza kuhusu Januari kama kaka wa Mpondwe alivyosema. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mwenye kinu aliyekuwa anampelekea alikuwa amesimamisha kununua usiku ule. Hakuomba msamaha. Amekubali kupimia stoo, na arbuni amesema atanijibu.

Kilichobaki ni sisi wenyewe. Wawili kati yetu saba hawataki zile tani 5 zikae kwenye mifuko, kwa kuwa muhula unafunguliwa Septemba na wanahitaji fungu lao lote Agosti. Siwezi kuwaambia wanakosea, mmoja wao ni yule aliyehesabu pesa mara mbili mbele yangu. Nimefikiri tutunze tani 3 badala ya 5, na mafungu ya hao wawili yatoke kamili kwenye mzigo wa kwanza, sisi watano ndio tusubiri. Tunakaa Alhamisi jioni stoo kwangu. Nitakwenda na ile hesabu ya 957 tuifanye upya pamoja, kila mmoja aishike karatasi kwa mkono wake.